Washa ya Buku Mbili, Gia Boksi ya Milioni

Ukitaka kujua hali halisi ya magari yanayoingia hapa chuoni, usiangalie rangi ya bodi wala rimu. Subiri yaondoke, kisha tazama sakafu ya maegesho. Doa jeusi ni oili ya injini. La kijani au la pinki, jepesi kama maji, limetoka kwenye rejeta. Maji safi matupu upande wa abiria ni ya kiyoyozi, hayo hayana neno. Likiwa jekundu, au la hudhurungi inayoelekea wekundu, lenye utelezi, na limedondoka upande wa mbele, hapo kuna mambo mawili: ni oili ya usukani au ni oili ya gia boksi ya automatiki. Hili la pili ndilo ninalotaka tulizungumze, maana watu wengi hulipuuza wakati linaua kitu ambacho ukiondoa injini hakuna cha bei kubwa kukizidi.

Makomredi wa fani nyingine msifunge ukurasa. Sitaweka milinganyo. Nusu yenu mna mjomba, shangazi au kaka mwenye gari la Kijapani la umri wa kuzidi miaka ishirini, na wengine mnaota kulinunua hilohilo mkimaliza chuo. Someni, litawafaa.

Gari ninalolitumia kama mfano ni la dada yangu: Honda CR-V ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1995 na kizazi chake kikakoma 2001. Injini ni B20B ya lita mbili, gia boksi ni automatiki ya gia nne. Dada anapika chakula cha mchana na kukisambaza maofisini, masufuria yanakaa nyuma. Gari hilo ndilo linalolipa kodi ya nyumba yake na, tusifichane, ndilo linaloniongezea hela pale bumu linapochelewa. Sasa mwaka jana likaanza tabia mbaya. Akiweka D, linakaa kama linafikiria kwanza, halafu linashtuka. Akipanda kilima, injini inapiga kelele lakini gari haliongezi mwendo. Gereji aliyokuwa akilipeleka wakamwambia gia boksi imekufa, atafute nyingine ya mtumba kwa milioni moja na laki nne, ufundi mbali. Jirani akamshauri auze gari vipandevipande.

Nilikuwa PT wakati huo, kwenye gereji ya mzee mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la uhandisi lakini ana miaka mingi chini ya magari kuliko umri wangu. Nikamsalimia shikamoo asubuhi, nikamweleza habari ya gari la dada. Hakuuliza kuhusu gia boksi kabisa. Aliuliza, "Wamepima oili?" Nikampigia dada. Hakuna aliyepima. Mzee akasema, "Basi hawajui kama imekufa. Mlete."

Kwa nini swali lake lilikuwa zuri? Gia boksi ya automatiki haifanyi kazi kwa oili kama mlango unavyohitaji grisi ili usilie. Ndani yake oili ndiyo mkono wenyewe. Kuna pampu inayosukuma oili, msukumo huo ndio unaozibana sahani za klachi zishikane ili gia ifanye kazi. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa pamoja na oili. Hewa inabonyea, oili haibonyei. Sahani zinashikana nusunusu, zinasuguana, zinateleza. Dereva anaona injini inalia gari haliendi. Dalili hiyo ni ileile iwe klachi zimekwisha kweli au oili tu imepungua, na huwezi kuzitofautisha kwa kusikiliza ukiwa umesimama nje umekunja mikono.

Tulipolipandisha gari la dada na kumwaga oili, ilitoka lita moja na nusu na ziada kidogo. Kwenye gari hili ukifungua plagi ya chini inatakiwa itoke karibu lita tatu (nyingine inabaki ndani, haitoki kwa njia hiyo). Yaani nusu ilikuwa imekwenda. Imekwenda wapi? Ndipo tunafika kwenye mipira.

Oili ya gia boksi inapata joto sana, hasa kwenye foleni. Kati ya injini na gia boksi kuna toki konveta, chombo kinachopitisha nguvu kwa kurusha oili kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mnapotambaa kutoka Mwenge hadi Ubungo saa kumi na moja jioni, upande wa injini unazunguka haraka, upande wa magurudumu unazunguka polepole, na tofauti hiyo yote inageuka joto ndani ya oili. Oili iliyopikwa sana inakuwa nyeusi, inanuka kama kitu kilichoungua, na inapoteza uwezo wake. Kwa hiyo watengenezaji wameweka njia ya kuipoza: oili inatoka kwenye gia boksi kwa paipu la chuma, inaingia mpira mfupi, inapita ndani ya tangi la chini la rejeta ambamo kuna kipozeo kidogo kilichozungukwa na maji, kisha inarudi kwa mpira na paipu la pili. Maji ya rejeta na oili vinapita ubavu kwa ubavu, vimetenganishwa na ukuta mwembamba wa chuma.

Njia hiyo ina sehemu dhaifu mbili unazoweza kuzirekebisha wewe mwenyewe: mipira, na maungio ya paipu kwenye gia boksi ambako kuna washa. (Washa ya bolti, si ile ya kuwasha taa wala ya upupu. Kiswahili cha gereji kina mitego yake.)

Tuanze na mipira, maana kwenye gari la dada huko ndiko tulikokuta maajabu. Mpira mmoja ulikuwa wa asili, mgumu kama plastiki, umepasukapasuka kwenye ncha. Ulikuwa unatoa jasho la oili tu. Wa pili ulikuwa umewahi kubadilishwa na mtu, na ulikuwa umevimba na kulainika mfano wa muhogo uliolowekwa siku tatu. Ukiubonyeza kidole kinazama. Mzee aliutazama mara moja akasema, "Huu ni wa maji." Alikuwa sahihi, na hapa nikafurahi kwamba kuna kitu cha darasani kinachoeleza alichokijua kwa macho.

Mipira yote ni myeusi ikiwa dukani, lakini si kitu kimoja. Ile ya maji ya rejeta na hita kwa kawaida hutengenezwa kwa aina inayoitwa EPDM. Inavumilia maji ya moto na kulanti miaka mingi, lakini oili ya petroli ni adui yake: inaingia ndani ya mpira, mpira unavimba, unakuwa laini, mwisho unachomoka kwenye klempu au kupasuka. Mpira wa oili unatengenezwa kwa aina nyingine, kama naitrili, ambazo oili haiziingii kirahisi. Unaponunua, soma maandishi ubavuni. Ukiona SAE J20, huo ni wa maji. SAE J30 ni wa mafuta ya petroli na dizeli. Huo utavumilia oili, lakini haukutengenezwa kwa ajili ya joto la gia boksi la muda mrefu, na chini ya gari la foleni sitauweka. Unaoutaka ni SAE J1532, ambao ni wa kipozeo cha oili ya gia boksi hasa. Ukikuta mpira hauna maandishi yoyote, muuzaji akakuambia "huu unakubali kila kitu bosi wangu", mshukuru, ondoka. Sisi tuliupata kwenye duka la tatu Gerezani, tukakatiwa mita moja.

Kipimo cha tundu nacho kina maana. Chukua kipande cha mpira wa zamani wa asili ukalinganishe, au pima kipenyo cha ncha ya paipu. Mpira unaoingia kwa urahisi kama soksi iliyolegea hautafungwa vizuri na klempu yoyote duniani.

Klempu zenyewe kuna ugomvi. Zilizokuja na gari ni za springi, zile unazozibana masikio kwa koleo. Watu wanazidharau wanaweka za skrubu kwa sababu zinaonekana imara. Mimi nipo upande wa springi. Mpira unatanuka ukipata joto na kunywea ukipoa, na kadiri unavyozeeka unapungua unene. Springi inaufuata. Skrubu inabaki pale ulipoiacha, na mtu mwenye mkono mzito akiikaza inakata mpira kama kisu cha mkate. Kama springi za zamani zimepoteza nguvu, nunua mpya za springi. Ukikosa, basi za skrubu zilizo laini upande wa ndani, na uzikaze kwa kiasi. Kwenye ncha ya paipu kuna uvimbe mdogo. Mpira uupite uvimbe huo, na klempu ikae nyuma yake, si juu yake.

Sasa washa. Hili ndilo eneo ambalo mimi binafsi nilikuwa nalipita tu kwenye michoro bila kulitazama, na ambalo mzee alilichukulia kama ibada.

Paipu la chuma linapofika kwenye gia boksi halichomekwi tu. Ncha yake ni jicho la mviringo, kama pete nene. Bolti inayopita katikati ya jicho hilo ina tundu ndani, na matundu ya pembeni, oili inapita ndani ya bolti yenyewe. Wanaiita bolti ya banjo, kwa sababu jicho pamoja na paipu lake vinafanana na ile ala ya muziki. Angalia vizuri: oili ikiwa ndani ya jicho inaweza kutorokea upande wa juu, chini ya kichwa cha bolti, au upande wa chini, kati ya jicho na bodi ya gia boksi. Kwa hiyo kila bolti ina washa mbili, moja juu moja chini. Bolti mbili, washa nne. Ongeza moja ya plagi ya kumwagia oili, jumla tano. Ukienda dukani ukasema "nipe washa mbili" utarudi.

Washa hizi ni za chuma laini, aluminiamu kwenye Honda hii, shaba nyekundu kwenye magari mengine mengi. Ulaini ndio kazi yake. Uso wa bodi na uso wa jicho vinaonekana laini kama kioo, lakini ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo midogo. Chuma kigumu juu ya chuma kigumu kingeacha vijia humo. Washa laini inapobanwa inaumuka kidogo na kujaza mikwaruzo, kama unga wa chapati unavyochukua alama ya kidole. Lakini ikishabanwa imeshachukua umbo la mikwaruzo ile, na zaidi ya hapo imekuwa ngumu. Waliosoma mambo ya metali mwaka wa pili wanakumbuka: ukiikandamiza metali ikiwa baridi, inaongezeka ugumu. Ukiifungua na kuirudisha, haitakaa palepale, na haina tena ulaini wa kujaza mikwaruzo mipya. Itavuja. Pengine si leo. Itavuja foleni ikiwa kali na oili imekuwa nyepesi kwa joto.

Kwenye gari la dada, mtu aliyetangulia alirudisha washa za zamani, na kwa kuwa alijua zitavuja, akapaka silikoni juu yake. Jamani. Silikoni iliyominywa kwa nje inaonekana, inachafua tu. Iliyominywa kwa ndani ndiyo hatari: inakatika kama kipande cha big-ji, inasafiri na oili, na gia boksi ina njia nyembamba sana ambamo kipande kidogo hivyo kinaweza kukwama na kuizuia gia isiingie. Kwa kuokoa elfu nane ya washa nne unaiweka rehani gia boksi ya milioni. Mzee alitoa vipande vile kwa kijiti cha mbao, kimoja kimoja, huku akinung'unika maneno nisiyoweza kuyaandika kwenye jarida la serikali ya wanafunzi.

Kuna ujanja mmoja wa mtaani ambao niliudharau mpaka nilipouelewa. Mafundi wakikosa washa mpya ya shaba, wanaichoma ya zamani kwa gesi mpaka iwe nyekundu, wanaiacha ipoe au wanaitumbukiza kwenye maji, wanaisugua masizi, wanaitumia. Huo si ushirikina. Joto linarudisha mpangilio wa chembe ndani ya shaba na ulaini unarudi, na kwa shaba haijalishi umeipoza haraka au taratibu. Kama washa haijakonda sana wala kuwa na kovu, itafanya kazi. Ila ujanja huo ni wa shaba tu. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi, kwa hiyo una nafasi ya kuiona ikiwa nyekundu kabla ya kufika huko. Aluminiamu inayeyuka karibu na 660, na haikuonyeshi wekundu wowote. Utakaa unasubiri rangi, ghafla umebaki na tone. Ya aluminiamu, nunua mpya.

Kazi yenyewe haikuchukua zaidi ya asubuhi moja. Gari liwe kwenye sakafu tambarare, oili ya uvuguvugu ili itoke vizuri, isiwe ya kuunguza mkono. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Weka stendi, au magogo imara, kisha lisukume gari kwa bega uone kama linatikisika kabla hujaingiza kichwa. Hilo mzee halikuwa na mjadala kwake, alishamzika mtu.

Kabla ya kufungua chochote, tuliosha maungio yote kwa brashi na mafuta ya taa, tukayakausha. Ukifungua palipo na mchanga, mchanga unaingia. Plagi ya kumwagia kwenye Honda hizi haina kichwa cha kawaida; ina tundu la mraba ambamo racheti ya robo tatu za nusu inchi, ile ndogo ya 3/8, inaingia moja kwa moja bila soketi. Nyuma yake kuna sumaku. Itazame. Unga laini wa kijivu kama masizi ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, vyenye kona, hivyo ni habari nyingine, na hapo ndipo mtu ana haki ya kutamka neno "imekufa". Ya dada ilikuwa na unga tu, mwingi, mzito kiasi, lakini unga. Nilimtumia picha. Alijibu kwa emoji za kulia ambazo sikujua ni furaha au la.

Piga picha ya njia ya mipira kabla ya kuitoa, maana mpira mpya ukipita karibu sana na feni au ekzosi umefanya kazi bure. Mpira wa zamani ukigoma kutoka usiukunje paipu la rejeta kwa nguvu. Lile tangi lina shingo dhaifu. Uchane mpira kwa wembe kwa urefu wake, unafunguka wenyewe. Ukishachomoa, ziba ncha zote kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi.

Wakati njia iko wazi, tazama maji ya rejeta. Nilisema ukuta wa kipozeo ni mwembamba. Ukitoboka kwa kutu, maji na oili vinachanganyika, na unapata kitu cha pinki chenye povu kama maziwa ya stroberi, kwenye rejeta au kwenye kijiti cha gia boksi. Ukikiona, sahau habari ya mipira kwanza. Sahani za klachi zimefunikwa kwa kitu mfano wa karatasi nzito iliyogundishwa, inanyonya maji na gundi inaachia. Gari lisiwashwe, rejeta ibadilishwe, na gia boksi isafishwe kabla hata ya kuota kuliendesha. Ya dada ilikuwa safi, alhamdulillah.

Kurudisha bolti za banjo, anza kwa vidole. Bodi ya gia boksi ni aluminiamu, bolti ni ya chuma. Ukiikosea njia ya nyuzi halafu ukaisukuma kwa spana, chuma kitashinda na utakuwa na tundu lisiloshika. Ikiingia kwa vidole mizunguko mitatu minne bila kugoma, endelea kwa spana. Mwenye spana ya toki afuate kitabu cha gari. Plagi ya kumwagia inataka 49 Nm, ambayo si nyingi kama watu wanavyofikiri: ni kama kuning'iniza ndoo yenye lita kumi za maji mwisho wa spana ya nusu mita. Bolti za banjo zinataka pungufu ya hapo, kwa sababu zina tundu ndani na zinakatika. Tena lishike paipu kwa mkono unapokaza, la sivyo linazunguka na bolti na kujikunja.

Oili inarudishwa kwa faneli kwenye tundu la kijiti cha kupimia. Kwa gari hili ni ile ya Honda yenyewe. Zamani iliitwa ATF-Z1, siku hizi iliyochukua nafasi yake inaitwa DW-1. Gia boksi za Honda za enzi hizo hazijajengwa kama za wengine. Ndani yake gia zimepangwa kwenye shafti zinazokwenda sambamba, kila moja na klachi yake, na zinachagua oili. Dada alikuwa akiongezewa chochote chekundu kilichopo.

Halafu kupima. Hapa naomba umakini maana hata mafundi wazuri wanapotea. Toyota nyingi unapima oili ya gia boksi injini ikiwa inanguruma. Honda hii unapima injini ikiwa imezimwa: liache lipate joto mpaka feni ya rejeta iwake, lisimame tambarare, zima, kisha pima kati ya sekunde 60 na 90 tangu ulipozima. Ukipima injini inanguruma, sehemu ya oili iko juu inazunguka, kijiti kinasoma pungufu, unaongeza isiyotakiwa. Oili iliyozidi inapigwa na gia mpaka inatoa povu, na povu ni hewa, tumerudi kulekule kwa klachi zinazoteleza.

Sisi tulijaza lita mbili na nusu kwanza, tukawasha, mguu kwenye breki, tukapitisha R, N, D polepole mara kadhaa, mzee akiwa na tochi chini anatazama maungio. Kavu. Tukaongeza kidogokidogo mpaka alama ya juu. Gharama yote: washa tano elfu kumi, mpira elfu kumi na nane, klempu nne elfu sita, oili ya lita nne laki moja na ishirini. Laki moja na elfu hamsini na nne. Mzee alikataa hela ya ufundi kwa kuwa mimi ndiye niliyechafuka, akakubali ubwabwa wa dada kwa wiki nzima.

Neno kwa wenye magari yenye kipozeo cha oili ya injini, kama Land Rover za dizeli za zamani: kanuni ya washa na usafi ni ileile, lakini msiige habari ya mipira na klempu. Njia ya oili ya gia boksi inayorudi kutoka kwenye rejeta ina msukumo mdogo. Oili ya injini kwenye mwendo inaweza kuwa na msukumo wa bari tatu hadi tano, ya moto, na paipu zake zina ncha zilizobanwa kwa mashine. Mpira wa kukata na klempu ya skrubu hapo utachomoka, injini imalize oili yake barabarani kwa dakika chache, na kama itarukia ekzosi una moto. Paipu ya namna hiyo peleka kwa wanaobana mipira ya haidroliki wakutengenezee mpya kwa kipimo cha ya zamani.

Gari la dada lilipanda kilima cha kwanza bila kupiga kelele siku hiyohiyo. Kule kuchelewa kuingia D kumepungua, hakujaisha. Mzee anasema klachi zimekula kidogo wakati wa njaa ya oili, na kilicholiwa hakirudi. Kwa kuwa kila ukimwaga unatoa karibu nusu tu ya oili yote, tumemwaga na kujaza tena mara mbili, wiki mbilimbili, na unga kwenye sumaku umepungua kila mara. Washa ya plagi tunaweka mpya kila tukifungua. Oili chafu tunaiweka kwenye madumu. Seremala wa jirani anaichukua kupaka nguzo zisiliwe na mchwa, mfereji hauguswi. Kila Jumapili dada anatandika kadibodi chini ya gari kabla ya kulala, na asubuhi ananitumia picha yake. Juzi ilikuwa na tone moja, la maji ya kiyoyozi.